Uzi: Kwa nini kijana anachomoka mara tatu, ya nne anagota? Makocha na wachezaji wa Dodoma na kanda ya kati, tujadili misuli na muda wa kupumzika

#1 Mwalimu wa Koni (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Ukipita jioni kwenye viwanja vyetu vya vumbi, Chang'ombe, Makole, Nkuhungu mpaka Nzuguni, utakuta zoezi ni lilelile. Vijana wamepangwa mstari, kocha anapuliza filimbi, wanakimbia mita 30, wanageuka, filimbi, wanarudi, filimbi tena. Hakuna kuvuta pumzi. Zinapigwa kumi, kumi na tano, mmoja anainama pembeni anatapika, na kocha anasema leo tumefanya spidi.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari na jioni nanoa timu ya vijana. Jambo hili linaniuma, maana tunawachosha watoto wenye vipaji huku tukiamini tunawaongezea kasi. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mwenye kupinga apinge: kwenye mbio fupi za kurudiarudia, kinachoamua kama mbio ya tano itafanana na ya kwanza ni kile kinachofanyika ndani ya msuli wakati mchezaji amesimama. Mapumziko ni sehemu ya zoezi. Kocha asiyeyapima hajui anafundisha nini.

Tuanze na msuli. Msuli hujikunja kwa kutumia kemikali moja tu, ATP. Ugali, nyama, mafuta, vyote mwisho wa safari vinageuzwa ATP. Ajabu ni kwamba akiba yake ni ndogo mno. Kilo moja ya msuli uliokaushwa maabara ina ATP kama milimoli 25, na mtu anayekimbia kwa nguvu zake zote anatumia kama milimoli 15 kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe: sekunde mbili hazifiki. Kwa hiyo lazima itengenezwe upya palepale, kwa kasi ileile inayotumika.

Wa kwanza kuitika ni fosfokreatini, kemikali nyingine iliyohifadhiwa ndani ya msuli. Iko kama milimoli 80 kwenye kilo hiyohiyo, inatoa fosfeti yake, ATP inarudi kwa hatua moja, na haingoji oksijeni. Sambamba nayo glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya msuli, huvunjwa haraka bila oksijeni na kuacha laktati. Halafu kuna mitokondria, vinu vidogo ndani ya seli, ambazo hutumia oksijeni. Hizi zinaweza kuzalisha saa nzima bila kuchoka, ila mwendo wake ni wa taratibu.

Kwa sisi tunaoujua mgao wa maji, fosfokreatini ni ndoo iliyojaa jikoni, unachota kwa kasi unayotaka. Mitokondria ni bomba linalotiririka kidogokidogo. Ukishaimaliza ndoo, utakachochota mara ya pili kinategemea bomba limepewa muda gani.

Kwenye mpira, mbio moja ya kasi huchukua sekunde 2 hadi 4, na kwa wastani mchezaji hupiga moja kila baada ya sekunde 90 hivi, ndani ya kilomita 10 hadi 12 anazotembea na kukimbia katika dakika 90. Ukitazama wastani huo utasema muda upo tele. Lakini mechi haiendi kwa wastani. Winga anapanda na shambulizi la kushtukiza, mpira unapotea, anakimbizana na beki kurudi, unapatikana, anapanda tena. Mbio tatu ndani ya nusu dakika. Hapo ndipo anagota.

Naendelea chini na jaribio lililonifungua macho.

#2 BekiTatu

Nimeweka kambi. Mwaga nondo mwalimu.

#3 Mwalimu wa Koni

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wakiongozwa na Gaitanos, walichapisha jaribio ambalo kila kocha angepaswa kulijua. Wanaume wanane walipandishwa kwenye baiskeli ya maabara. Kazi yao: kukanyaga kwa nguvu zote sekunde 6, kupumzika sekunde 30, kurudia mpaka mara kumi. Katikati ya kazi hiyo walichomwa sindano nene pajani na kutolewa kipande kidogo cha msuli, kabla na baada ya mbio ya kwanza, na tena kabla na baada ya mbio ya kumi. Vile vipande viligandishwa mara moja ili kemia isimame pale ilipofika.

Mbio ya kwanza peke yake, sekunde sita tu, ilishusha fosfokreatini kwa asilimia 57. Nusu ya nishati isiyohitaji oksijeni ilitoka kwenye fosfokreatini na asilimia 44 ilitoka kwenye kuvunja glaikojeni. Kwa hiyo wale wanaosema sekunde kumi za mwanzo ni fosfokreatini tupu na wanga unaingia baadaye, hapana. Vyote vinaingia pamoja, tangu hatua za mwanzo.

Sasa mbio ya kumi. Mchango wa glaikojeni ulikuwa umeporomoka hadi kama asilimia 16, na fosfokreatini ikawa inabeba kama asilimia 80. Ukijumlisha nishati yote isiyohitaji oksijeni, ilikuwa imebaki kama theluthi moja tu ya ile ya mbio ya kwanza.

Hapa ndipo naomba msome taratibu. Nishati hiyo ilishuka kwa theluthi mbili, lakini nguvu kwenye pedali ilishuka kwa asilimia 27 tu. Ile tofauti ilizibwa na nani? Sehemu kubwa ni oksijeni. Kadiri mbio zinavyorudiwa, mapafu, moyo na mitokondria vinabeba mzigo zaidi, hata kama kila mbio ni ya sekunde chache.

Na hata hiyo fosfokreatini ya mbio ya kumi ilirudi kwa msaada wa oksijeni. Watafiti wa Sweden walionyesha miaka ya 1970 kwamba ukifunga damu isiingie mguuni baada ya kazi ngumu, fosfokreatini hairudi. Ukiachia damu ipite, inaanza kujijaza. Mchezaji anapohema mikono kiunoni, anachofanya ni kulipa deni la mbio iliyopita ili aweze kukopa tena.

Inachukua muda gani? Inategemea aliimaliza kiasi gani. Baada ya mbio moja ya nguvu zote ya sekunde 30, dakika moja na nusu inarudisha akiba hadi kama asilimia 65 ya kiwango cha kupumzika, na hata dakika sita zinaifikisha kama 85 tu. Baada ya mbio ya sekunde tatu deni ni dogo na linalipika mapema zaidi. Lakini mwendo wa kulipa unatofautiana baina ya mtu na mtu, na kinachotofautisha zaidi ni ubora wa mitokondria na wingi wa mishipa midogo ya damu msulini.

#4 Mkongwe wa Uhindini

Mwalimu nakuheshimu kwa kusoma, ila tuzungumze ukweli. Sisi tulikimbizwa kupanda na kushuka milima ya hapa mjini mpaka tunatapika, na tulicheza dakika 90 bila kubadilishwa. Hawa wa siku hizi wanapewa maji kila dakika tano na bado dakika ya 60 wanashika viuno. Mwili ni mazoea. Ukimpumzisha mchezaji dakika tatu kila akikimbia mita 30, mechini nani atampa hizo dakika tatu?

#5 Mwalimu wa Koni

Mzee wangu shikamoo, na hoja yako ni nzito, sitaipita juujuu.

Kupanda mlima kuliwajengea kitu cha kweli. Kuliongeza uwezo wa moyo na mitokondria, na huo ndio uliowarudishia fosfokreatini kila mliposimama. Ninachopinga ni kuyaita mazoezi hayo spidi. Simama pembeni ya zoezi la filimbi mfululizo umtazame kijana mmoja tu. Mbio ya kwanza mwili umelala mbele, goti linapanda, unyayo unatua chini ya nyonga na kuondoka, husikii kishindo. Mbio ya sita kifua kimesimama wima, mikono inapishana mbele ya kifua badala ya kwenda mbele na nyuma, unyayo unatangulia mwili na unasikika paa, paa, na kisigino ndicho kinachotifua vumbi. Anachokizoea pale ni kukimbia polepole kwa mtindo mbaya. Mishipa ya fahamu inajifunza inachorudia.

Kuhusu dakika tatu: mechini hatazipata, ni kweli. Mazoezini anazihitaji siku ile tunayotafuta kasi ya juu, maana kasi ya juu huongezeka ukiikimbia ukiwa mzima. Siku nyingine tunafundisha kurudia, na mapumziko yanakuwa mafupi kwa makusudi. Kosa ni kuchanganya hizo siku mbili na kuzipa jina moja.

#6 Winga Msukuma wa Dom

Na asidi ya laktiki je? Kocha wetu anasema mapaja yakiwaka ni laktiki imejaa, na kesho yake ukiamka huwezi kushuka ngazi ni laktiki haijatoka, ndiyo maana anatukimbiza Jumapili asubuhi "tuitoe".

#7 Mwalimu wa Koni

Mkuu, laktati, ndiyo hiyo mnayoiita asidi ya laktiki, imesingiziwa miaka mingi. Inazalishwa kwa wingi kweli, lakini ni mafuta ya kuendeshea mwili: moyo huichoma, misuli mingine huichoma, ini huigeuza tena sukari. Ndani ya kama saa moja baada ya kazi inakuwa imerudi karibu na kawaida. Kwa hiyo yale maumivu ya Jumapili na Jumatatu hayawezi kuwa yake. Hayo yanatokana na nyuzi za misuli kujeruhiwa kidogo pale msuli unapovutwa huku unakaza, kama unaposhuka mlima au kufunga breki ghafla. Kukimbia kidogo Jumapili kunaweza kuwafanya mjisikie vizuri, sina ugomvi nako. Sababu inayotolewa ndiyo si sahihi.

Kinachomkwamisha mchezaji kwenye mbio za kurudia ni mkusanyiko wa mambo. Fosfokreatini haijajaa. Ile fosfeti iliyoachwa huru inapojazana ndani ya msuli inapunguza nguvu ya mvuto na kubana kalsiamu inayoamrisha nyuzi zijikunje. Potasiamu inatoka ndani ya nyuzi na kufanya umeme wa msuli ufifie. Haidrojeni, ndiyo inayoleta asidi, inapanda, nayo ina mchango wake. Na ubongo wenyewe unapunguza idadi ya nyuzi unazoziamsha. Anayetaka mkosaji mmoja hapa atasumbuka.

#8 Dada wa Viungo

Salaam wote. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, naomba nichangie upande wa majeraha.

Vijana wengi ninaowapokea na msuli wa nyuma ya paja uliochanika, nikiwauliza ilikuwaje, wanasema ilikuwa mwisho mwisho wa mazoezi au kipindi cha pili, wakiwa wanafungua mbio kamili. Ule msuli ndio unaoufungia breki mguu unapotupwa mbele. Ukichoka, unafunga breki kwa kuchelewa. Kwa hiyo makocha, mbio za kasi kamili ziwekwe mwanzoni, mara tu baada ya kupasha. Msiziweke mwishoni kama adhabu.

Na kupasha kwenyewe tusikudharau eti Dodoma kuna joto. Joto la hewa halitoshi, msuli wenyewe lazima upate moto kutoka ndani. Msuli ukipanda nyuzijoto moja, nguvu ya mbio moja inaongezeka kwa asilimia kadhaa. Lakini mwili mzima ukishachemka, mbio za kurudia zinashuka haraka, kwa sababu damu inagawanywa kati ya ngozi na misuli na ubongo unaanza kupunguza mwendo. Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, jua la saa nane hapa mjini si la kupigia mbio kumi. Saa kumi na moja jioni, kivuli kabla ya kuanza, maji karibu.

#9 Mwalimu wa Koni

Dada ahsante sana. Nimeshaihamishia timu yangu mbio za kasi mwanzoni, na wenzangu wafuate.

#10 Damu ya Ikungi

Wakuu mnaongelea mpira tu, na sisi Singida tunatoa watu wa kukimbia. Alphonce Simbu Septemba 2025 kule Tokyo kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa mbio ya mita za mwisho kabisa, yeye na yule Mjerumani Petros wakapewa muda uleule, saa 2:09:48, picha ndiyo ikaamua. Baada ya kilomita 42, hiyo kasi ilitoka wapi kama fosfokreatini inaisha kwa sekunde?

#11 Mwalimu wa Koni

Swali zuri kuliko unavyodhani, mkuu, na kwanza hongera kwa kanda yetu nzima.

Kwenye mwendo wa marathoni mitokondria ndizo zinazobeba karibu kila kitu, kwa hiyo ndoo haichotwi sana. Mkimbiaji wa kiwango kile anafika mita mia za mwisho akiwa na akiba ya fosfokreatini, na anaweza kuichota kwa mara moja. Anayefika pale akiwa amekimbia juu ya uwezo wake wa oksijeni ataikuta imepungua. Kwa hiyo mbio ile ya mwisho iliandaliwa na kilomita zilizotangulia. Winga wetu anahitaji uwezo uleule, ila yeye anauhitaji kila baada ya dakika moja au mbili.

#12 Kiungo Mkabaji

Shikamoo mwalimu. Mimi nacheza timu ya wasichana hapa UDOM. Tukipiga mbio fupi, kocha hataki tusimame, anataka tukimbie taratibu kurudi, anasema ukisimama damu inaganda. Nifanye nini?

#13 Mwalimu wa Koni

Marahaba binti. Damu haigandi kwa kusimama sekunde thelathini.

Jambo lenyewe liko hivi. Kukimbia taratibu kunasaidia kuondoa laktati kwenye damu, na huko ndiko wazo hilo lilikotoka. Lakini misuli inayoendelea kufanya kazi inakula oksijeni ambayo ingetumika kujaza fosfokreatini. Kama mapumziko yenu ni mafupi, chini ya dakika moja, tembea polepole au simama na uheme. Mbio inayofuata itakuwa bora. Mapumziko yakiwa ya dakika nyingi, kama kati ya seti na seti, kujongea kidogo hakuna ubaya na kunakuzuia usipoe.

Mwambie kocha wako kwa heshima, umwombe mjaribu siku moja kwa namna zote mbili na stopwochi. Stopwochi haina mkubwa.

#14 BekiTatu

Mwalimu, tuje kwenye chakula. Kuna jamaa gym moja hapa mjini wanauza kreatini ya unga kwenye kopo, wanasema ndiyo dawa ya spidi. Ni kweli au ni biashara?

#15 Mwalimu wa Koni

Kreatini, ile inayobeba fosfeti kwenye fosfokreatini, imechunguzwa kuliko karibu virutubisho vyote vya michezo. Mwili hutengeneza kama gramu moja kwa siku, na nyama au samaki mbichi ina gramu 3 hadi 5 kwa kilo. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba ukiimeza kwa wingi, akiba ya msuli inaongezeka, na baadaye ikaonekana mtu mzima mwenye afya akitumia gramu 3 hadi 5 kwa siku kwa wiki kadhaa anafika palepale. Wanaokula nyama mara chache ndio huitikia zaidi. Kwenye mbio za kurudia faida ipo, ila ni ya kiasi, na uzito wa mwili unaweza kuongezeka kidogo kwa sababu msuli unashika maji. Mwenye tatizo la figo aonane na daktari kwanza. Kopo lisilojulikana limetoka wapi linaweza kuwa na vitu vingine ndani, vikiwemo vilivyopigwa marufuku michezoni. Kwa vijana wangu walio chini ya miaka 18 sishauri kabisa.

Lakini niruhusuni niseme kinachonisumbua zaidi ya kopo. Kijana ametoka nyumbani asubuhi na chai ya rangi na andazi moja, shuleni amekula makande kidogo au hakula, saa kumi jioni yuko uwanjani. Glaikojeni anaitoa wapi? Saltin, mtafiti wa Sweden, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wachezaji walioanza mechi wakiwa na glaikojeni kidogo mapajani walikimbia umbali mdogo zaidi na kutembea zaidi kipindi cha pili. Mwaka 2006 watafiti wa Denmark walipima wachezaji baada ya mechi wakakuta karibu nusu ya nyuzi za misuli hazina glaikojeni au zinakaribia kuisha, na mbio zao za kasi zilikuwa zimeshuka. Hapo hatuzungumzii uvivu wa mtu.

Dawa yake iko sokoni Majengo na Sabasaba. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda na maharage, wali, viazi vitamu, ikiwa imebaki muda wa saa tatu hadi nne kabla ya kucheza. Uji wenye sukari au ndizi ikibaki saa moja hivi. Zabibu zetu hizi msimu ukifika, tena bei rahisi ukinunua kwa mkulima, ni sukari safi baada ya mazoezi. Siku ya mnada wa Msalato ukipata nyama, au perege wa Mtera, kreatini umeipata humohumo na protini juu. Mzazi anayesoma hapa, sahani ya kijana wako ina kazi kubwa kuliko njumu mpya.

#16 Chilonwa Kwetu

Nimesikia wazungu wanatumia soda ya kuokea kupunguza asidi kwenye misuli. Magadi yetu ya kupikia mlenda yanaweza kufanya kazi hiyo?

#17 Mwalimu wa Koni

Hapana ndugu yangu, tafadhali usijaribu. Soda ya kuokea ni bikaboneti ya sodiamu iliyo safi. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti, bikaboneti na chumvi nyingine, ni makali kwa tumbo, na mengine yana floraidi nyingi. Hata hiyo bikaboneti safi, kwa kiasi kinachotumika kwenye utafiti, huwavuruga wengi tumbo, na kwa mbio za sekunde tatu faida yake ni ndogo. Magadi yaacheni kwenye mlenda.

#18 Winga Msukuma wa Dom

Kupima tunapimaje bila mitambo?

#19 Mwalimu wa Koni

Koni mbili, mita 30, simu yenye stopwochi, daftari. Mbio sita, kila moja inaanza sekunde 30 baada ya iliyotangulia kuanza. Andika muda wa kila mbio. Mtu mmoja apime yuleyule siku zote, kwa sababu vidole vinatofautiana.

Tuseme mchezaji wa kwanza amepata 4.30, 4.38, 4.47, 4.55, 4.62, 4.66. Jumla ni 26.98. Kama angekimbia zote kama ile bora, angepata 4.30 mara sita, yaani 25.80. Gawa 26.98 kwa 25.80, utaona amepoteza asilimia 4.6. Wa pili amepata 4.52, 4.55, 4.57, 4.58, 4.60, 4.62. Jumla 27.44, amepoteza asilimia 1.2 tu.

Makocha wengi wakiona hivyo watasema wa pili ndiye mwenye pumzi, wa kwanza ni mbovu. Rudi kwenye daftari. Kwa jumla ya muda wa kwanza bado yuko mbele, na mbio nne za mwanzo zote kamshinda. Mwenye kasi kubwa mwanzoni huchota zaidi, kwa hiyo huanguka zaidi. Hii imeonekana mara nyingi kwenye utafiti. Asilimia peke yake inamwadhibu mwenye kipaji cha kasi. Tazama jumla, tazama mbio bora, kisha ndipo uitazame asilimia. Wa kwanza anahitaji kujengewa uwezo wa oksijeni bila kuharibiwa kasi aliyonayo. Wa pili anahitaji kasi yenyewe, na ukimwongezea mazoezi ya pumzi utakuwa unampa alichonacho tayari.

#20 Mkongwe wa Uhindini

Hapo kwenye wachezaji wawili nimekuelewa. Kijana wangu wa kushoto ni huyo wa kwanza kabisa, na nilikuwa namweka benchi. Sasa wiki unaipangaje?

#21 Mwalimu wa Koni

Mzee, mechi ikiwa Jumamosi mimi hufanya hivi. Jumanne ni siku ya oksijeni: dakika 4 za kukimbia kwa nguvu, dakika 3 za kujikongoja, mara nne. Nguvu yenyewe ni asilimia 90 hadi 95 ya mapigo ya juu ya moyo, na asiye na kipimo ajue kwamba hapaswi kuweza kuongea sentensi nzima. Wanorwei walichapisha mwaka 2001 kwamba vijana wa mpira waliofanya hivi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 8, waliongeza matumizi ya juu ya oksijeni kutoka kama 58 hadi 64 kwa kipimo cha mililita kwa kilo kwa dakika, na idadi ya mbio zao za kasi mechini iliongezeka mara dufu. Naomba uione hiyo vizuri: hawakuongezewa mbio za kasi, waliongezewa oksijeni, na mbio za kasi zikazaliana. Kilima chako kinafaa sana kwa kazi hii, nakitumia pia.

Jumatano mbio za kurudia zenye mapumziko mafupi, sita sita kwa seti mbili, kwa mpira. Alhamisi kasi kamili, chache, mapumziko dakika mbili hadi tatu, na ninaisimamisha mara tu muda unapoanza kushuka. Ijumaa nyepesi.

Kuna aliyeniuliza faragha kuhusu mwinuko. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya bahari, Singida juu zaidi. Mbio moja haiathiriki, hewa nyepesi hata inasaidia kidogo. Kujaza upya ndiko kunakochelewa kidogo, na timu inayotoka Dar inaweza kuhisi hilo kipindi cha pili. Tofauti si kubwa. Msijengee mbinu nzima ya mechi juu yake.

#22 Ticha Kongwa

Mwalimu, haya yote mazuri kwa mwenye wachezaji ishirini. Mimi nina watoto 40, kiwanja kimoja, saa moja ya michezo, koni nne. Nikiwapumzisha dakika mbili mbili kipindi kinaisha na hawajafanya kitu.

#23 Mwalimu wa Koni

Ticha, wewe ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote humu. Foleni yako ndiyo mapumziko.

Siku ya kasi wapange mistari 4 ya watoto 10. Filimbi kila sekunde 15, wanne wanaondoka, wanarudi wakitembea kwa pembeni na kujipanga nyuma. Kila mtoto anakimbia mara moja kila baada ya dakika mbili na nusu, na filimbi haijakaa kimya. Mbio sita kwa watoto wote 40 ni dakika 15. Siku ya kurudia wapange mistari 8 ya watoto 5, filimbi kila sekunde 6, kila mmoja anakimbia kila baada ya sekunde 30. Mbio sita zinaisha ndani ya dakika tatu, wape dakika nne za kunywa maji, rudia mara moja. Koni nne zinatosha kuonyesha mwanzo na mwisho, mistari ya katikati chora kwa jivu.

#24 Ticha Kongwa

Hili la mistari nalianza Jumatatu. Sekunde 6 kwa mita 30, wadogo wa kidato cha kwanza hawatagongana na waliotangulia?

#25 Mwalimu wa Koni

Wadogo wape mita 20, na anayemaliza atoke upande wa kulia wa mstari wake, asigeuke kurudi alikotoka. Ukiona bado wanabanana, ongeza sekunde mbili kwenye filimbi.